Kuisalimia Pembe

Kaskazini ya Norwe,
12 Julai 1981

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umepata nafuu ya tumbo. Mama Mkubwa Loisi hajambo? Mimi mzima, ila silali vizuri, maana mwezi huu jua la huku halizami kabisa.

Chuo cha misitu kimefunga, nami nimefuatana na mwanafunzi mwenzangu, Marit. (Nilimwambia tunaye shangazi Marita kule Igamba, akacheka sana.) Amenileta kwenye sikukuu ya watu wake, Wasami. Ndio wenyeji wa asili wa huku, wafugaji wa wanyama kama kulungu wenye pembe kubwa. Nilidhani nitaona nyimbo na vyakula tu. Kumbe mchana watu hukaa ndani ya hema kubwa wakijadili haki zao hadharani, na wakubwa wa serikali wanasikiliza.

Bibi mmoja alieleza alivyochapwa shuleni kwa kusema lugha ya mama yake. Kisha mzee mmoja akasimama, akasema padri aliichukua ngoma ya ukoo wao, na leo iko ndani ya kabati la kioo mjini, naye hukata tiketi kwenda kuitazama. Kijana akamrukia: "Mzee, achana na ngoma! Wanataka kuuziba mto wetu kwa bwawa la umeme, wewe unalilia ngozi!" Mzee akamjibu, "Walianza na ngoma, mjukuu wangu. Tukanyamaza. Ndiyo maana leo wako mtoni."

Nilishtuka, Baba Mkubwa. Sikujua kwamba hata Wazungu wana watu waliowafanyia hivyo.

Wageni walipoalikwa kusema, nilisimama. Nikawaambia kwamba sisi Wanyiha tulikuwa wafua chuma, na babu yangu alishika pembe ya dawa ya kufungulia tanuri. Nikasema hakuna aliyetunyang'anya. Babu alipofariki alimwachia baba yangu, Kefa, na hadi leo baba huisalimia kila asubuhi kabla hajanawa uso. Hema zima lilisimama kunipigia makofi. Yule mzee wa ngoma alilia.

Sasa wanataka baba aje mwakani na pembe yake, nauli juu yao. Baba kuandika kunamsumbua, kwa hiyo nakuomba wewe mwalimu umwandikie barua ya kukubali.

Mwanao,
Aida


Itaka, Mbozi,
25 Agosti 1981

Mwanangu Aida,

Marahaba. Loisi hajambo, anakusalimu. Hali yangu si nzuri. Mganga wa hospitali ameacha kunitajia dawa, sasa ananiuliza habari za watoto wangu tu. Nimeelewa.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya nne nilimwomba Loisi atoke nje.

Aida, pembe aliyonayo baba yako si pembe ya babu yako.

Mwaka 1970, tulipokuwa tunahamia kijiji cha ujamaa, mimi nilikuwa mwalimu mkuu na katibu wa kamati ya kuhama. Watu wote walikubali isipokuwa baba yangu mzazi. Alikaa chini kando ya tanuri lake, lililokuwa halijawashwa tangu nikiwa kijana, akasema pembe haiwezi kupakiwa kwenye trekta pamoja na kuku na masufuria. Kamati ilinicheka. "Mwalimu, utatuhamishaje sisi na mzee wako amekushinda?" Nilikwenda nikamwambia, "Baba, nitaibeba mimi, kwa mikono yangu." Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Akanipa.

Wiki hiyo Mzungu mmoja, mkusanyaji wa vitu vya kale, alikuwa amefikia nyumbani kwangu. Nikampa pembe. Sikuombwa mara mbili. Nilijiambia ni ushirikina, na kwamba taifa jipya halijengwi kwa mapembe. Kisha nikachukua pembe ya ng'ombe aliyechinjwa sokoni, nikaiviringisha katika gome lile lile la mti, nikafunga mafundo yale yale, nikamrudishia baba. Nilijua haitafunguliwa. Kwa desturi yetu haifunguliwi mpaka siku ya kuwasha moto wa tanuri, na moto ule hautawashwa tena.

Baba aliisalimia pembe ya ng'ombe wa buchani miaka mitatu hadi alipokufa. Mimi nilikataa kuirithi, ikaenda kwa baba yako, naye anaisalimia mwaka wa nane sasa. Nami nimekaa ng'ambo ya uwanja ninamwona.

Mzungu alinipa redio. Ndiyo ile, Aida. Ulikuwa ukiegemea goti langu ukimwigiza mtangazaji, ukitaja majina ya miji ya mbali. Norwe uliisikia humo kwa mara ya kwanza.

Siwezi kuandika barua unayoitaka.

Baba yako Mkubwa,
Yonasi


30 Septemba 1981

Baba Mkubwa,

Sijaandika shikamoo. Nimejaribu mara tatu, mkono umekataa.

Niliwaambia watu mia tano kwamba sisi hatukunyang'anywa. Kumbe ni kweli. Tulitoa wenyewe.

Yule padri wa hapa alikuwa mgeni. Wewe ulikuwa mwana wa babu mwenyewe.

Mwambie baba. Usinitwishe mimi kazi hiyo. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, ukiwa na nguvu za kusimama.

Aida


Itaka,
8 Novemba 1981

Mwanangu Aida,

U mzima? Masomo yanaendeleaje? Nauliza kwa sababu ni lazima mmoja wetu aulize.

Nimemwambia. Kusimama sikuweza, mama yako mkubwa Loisi na Enoka jirani walinibeba kwa kiti hadi mlangoni kwa Kefa. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nilisema yote tangu mwanzo, naye hakuacha kupukuchua. Nilipotaja redio, mikono ikasimama.

"Ile iliyokuwa inatangaza mpira?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nakuja kuisikiliza."

"Ulikuwa unakuja, Kefa."

"Nikileta betri."

Aliinuka, akaingia ndani, akakaa humo hadi Enoka akaanza kukohoa kwa wasiwasi. Nilidhani atatoka na panga. Alitoka na kile kifurushi, akakiweka mapajani pangu. Nikashika fundo nimwonyeshe kilichomo, akanipiga mkono kama mtoto.

"Haifunguliwi! Nani amewasha moto?"

"Kefa, humu mna pembe ya ng'ombe wa buchani."

"Wewe ndiye unayejua kilichomo," akasema. "Basi uisalimie wewe. Kila asubuhi, kabla hujanawa. Mimi nimechoka, kaka." Akarudi kwenye mahindi yake.

Sasa iko kando ya kitanda changu. Kila asubuhi naisalimia kwa sauti, na Loisi anasikia. Ni vigumu kuliko nilivyofikiri. Naisalimia, na najua hakuna anayesikia. Baba hakulijua hilo, mimi ninalijua.

Ndani ya bahasha hii nimetia kadi ya yule Mzungu. Imekaa ndani ya Biblia yangu miaka kumi na moja. Wewe uko karibu na kwao kuliko mimi.

Baba yako Mkubwa,
Yonasi


20 Januari 1982

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo.

Baba ameniandikia kwa mkono wake, mistari mitano. Amesema usiku wa baridi wewe unaisalimia pembe hata kabla jogoo hajawika, na kwamba anakusikia kutoka kwake. Hajasema zaidi.

Marit amenisaidia kuandika kwa makumbusho moja ya huku Ulaya. Mwenye kadi alikwisha kufa, vitu vyake viko kwao. Wanazo pembe tatu kutoka Mbozi, karatasi zake zimechanganyika, na hawatazungumza na mtu yeyote asiyeweza kuthibitisha ipi ni yake. Marit anasema ndivyo walivyojibiwa wao kuhusu ngoma.

Nitasimama tena kwenye hema lile mwezi wa saba. Nataka niseme kweli, na nataka niiseme nikijua ipi ni yetu. Baba hajawahi kuiona ikiwa wazi. Aliyewahi kuiona na bado yu hai ni wewe peke yako. Tafadhali, fanya haraka.

Mwanao,
Aida


Itaka,
2 Machi 1982

Mwanangu Aida,

Marahaba. Marahaba, mwanangu. Nimeiitikia kwa sauti, Loisi akadhani nimepata mgeni.

Ninaandika polepole. Kefa amekaa kitandani ananishikia ubao.

Usitazame michoro, mafundi wote walichora. Tazama mdomo wa pembe. Umezibwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na dawa, nyeusi, ngumu kama jiwe. Nilipokuwa na miaka kama sita, baba aliianika kwenye jua siku ya kuwasha tanuri, nta ikalainika, ikanukia asali. Nikaiuma.

Baba hakunichapa. Wengine walitaka inyooshwe kwa kisu, yeye akakataa. Aliwaita wafua chuma wenzake waje waone, akawaambia, "Huyu amejiwekea alama mwenyewe. Itakuwa yake." Hili sijamwambia mtu. Hata Kefa analisikia leo, ninapolitamka nikiliandika, na amegeuza uso ukutani.

Kwenye nta hiyo utaona meno ya juu ya mtoto, manne, na katikati pengo, kwa sababu jino moja lilikuwa limeng'oka wiki ile. Watake walete taa, wainamishe pembe, watalikuta.

Ukisimama hemani, waambie hayo ni meno ya mwenye pembe. Kisha waambie ndiye aliyeitoa.

Baba yako Mkubwa,
Yonasi