Jina la Unga Wako

Mama Kabula,

Barua zetu za zamani zilianza kwa kumjulia mtu hali, kisha mwandishi anasema na yeye hajambo. Hapo nitaruka. Wewe siwezi kukuuliza, na mimi nikisema sijambo nitakuwa nimedanganya kabla sijafika mstari wa pili. Nakuandikia kwa sababu Jumatatu natakiwa nipeleke jina la unga wako likasajiliwe, na humu ndani hakuna mtu wa kumuuliza. Asubuhi nimepika tena uji wa watu wawili. Mkono haujazoea.

Nikueleze ilivyokuwa. Afisa biashara wa wilaya alipita hapa nyumbani, akaonja, akasifu, akasema maduka ya Runzewe na Kahama yangeupokea unga huu hata kesho, ila kitu kisicho na jina hakipewi kibali. Jina kwanza, mengine baadaye. Nikamwambia jina lipo. Akatoa kalamu, akasubiri. Nikakohoa, nikajifanya nimeitwa uani. Jina lililokuwa kichwani mwangu lilikuwa lako, Minza, na wewe unajua kwamba sikuwahi kukuita hivyo, si mbele ya watu wala tukiwa wawili.

Ndivyo tulivyolelewa. Siku tulipopata mtoto jina lako likakunjwa likawekwa sandukuni, ukawa Mama Kabula, nami Baba Kabula. Tena hilo lenyewe tulilipata kwa shida. Unakumbuka alivyolia? Siku tatu mfululizo, hataki titi, hataki mgongo. Mama yangu akaja kutoka Songwa, akampakata, akasema mtoto analilia jina. Akaanza kumtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayegonga milango. Kwandu? Akalia. Nkwimba? Akalia zaidi. Milembe? Ndiyo kwanza akapandisha sauti. Alipotaja Kabula, jina la bibi yangu aliyemzaa yeye, mtoto akajamba, akalala. Wewe ulikuwa umekaa chini, macho mekundu, ukasema, "Basi si angetuambia mapema." Nilicheka mpaka mama akanifukuza nje.

Unga ulianza kwa ajili yangu, ingawa sikuwahi kuwaambia watu hivyo. Nilirudi kutoka machimboni nimebaki mifupa na kikohozi, baada ya miaka ya kula vumbi la karasha, zile mashine za kusagia mawe. Ulinitazama mlangoni ukasema, "Hata mbwa wa jirani hakukutambua." Kisha ukaenda kuchuma mlonge. Majani uliyaanika ndani, kivulini, kwa sababu jua linakula ukijani wake, na kila siku uliyafinya kiganjani. Yakilia kama karatasi ndipo unayatia kwenye kinu. Ukachanganya na mbegu za maboga. Kila asubuhi kijiko kimoja kwenye uji, na ole wangu nibakishe kwenye bakuli. Nilipopata nguvu nikaanza kutamba kwamba nimepata dawa. Ukanikata kauli: "Dawa iko zahanati. Hii ni mboga."

Wachimbaji wakaona nimenenepa, wakaanza kuja. Ulikuwa unawafungia kwenye karatasi za madaftari ya Kabula, bila jina, bila maelezo. Hapo ndipo alipotokea Hamisi, yule mchimbaji kutoka Kigoma aliyekuwa na duara lake, shimo la dhahabu, kule ng'ambo ya mto. Alikuja siku moja baada ya swala ya Ijumaa, kanzu bado mwilini, amenuna. Akakuamkia vizuri, maana adabu alikuwa nayo, kisha akasema, "Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini ile dawa yako nimemwaga pakiti tatu mdomoni mwa duara, tumeshuka wiki mbili, hatujaona hata rangi ya dhahabu."

Ulimtazama. "Umemwaga wapi?"

"Mdomoni mwa duara, mama. Na kidogo kwenye kamba."

Kumbe duara zima walikuwa wanajua hivyo! Unga wa kijani, umekunjwa kwenye karatasi, unatoka kwa mama wa Kisukuma asiye na maneno mengi. Nani angedhani ni wa kula? Walikuwa wanaunyunyiza shimoni huku wenyewe wanashuka na njaa. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukamkalisha Hamisi, ukampikia uji, ukatia kijiko, ukasimama mbele yake mpaka alipokwangua bakuli. Aliondoka anashukuru, wabeja, wabeja, Kisukuma chake chote kikiwa ni hilo neno moja.

Jioni hiyo ukaacha kucheka. Ukasema, "Tuutafutie jina, Baba Kabula. Usipokuwa na jina watu wanaupa kazi wanayoitaka wao." Tukaanza. Mimi nilileta majina ya dhahabu, ukayakataa yote. Ukasema huku saluni ni dhahabu, baa ni dhahabu, bucha ni dhahabu na nyama yenyewe ni mifupa mitupu. Kabula akapendekeza Nguvu Tele. Ukauliza, "Asipozipata tutamwambia nini?" Kila jina ulilipima kama litasema uongo. Tukaahirisha mpaka baada ya mavuno. Tulidhani tuna muda.

Halafu ukaugua wewe. Sitaki kuandika mengi juu ya Mwanza, ile wodi na yale madirisha ya juu yasiyofunguka. Nitaandika hili moja. Mama jirani yetu alikuja kukuona, akakuinamia, akauliza kwa sauti ya huruma, kumbe hata unga wako haukukusaidia? Nilitaka kumtoa nje kwa mabavu. Wewe ukatabasamu ukamwambia, "Ni mboga, mayu. Si malaika." Wiki hiyohiyo ukaondoka.

Watu walikaa nami matanga, wakarudi kwenye shughuli zao, na sikuwalaumu. Wanapita hapa: Baba Kabula, shikamoo, marahaba, habari za hapa, nzuri. Hakuna anayekutaja. Wanadhani wananihurumia. Wakilazimika wanasema "marehemu", kana kwamba hilo ndilo jina ulilobatizwa. Nina upweke, Mama Kabula, na ubaya wake ni kwamba haunizuii kufanya kazi. Naanika majani, natwanga, nachekecha, na siku nzima inapita sijasema neno ila kufukuza kuku. Nikaanza kuogopa kwamba jina lako litaishia humu kifuani mwangu, mahali ambapo halijawahi hata kutoka. Ndiyo sababu nikalitaka kwenye unga. Si biashara. Nilitaka kulisikia likiitwa.

Nikachapisha lebo za majaribio, MINZA, herufi kubwa za kijani, nikabandika kwenye pakiti, nikapeleka kwenye maduka mawili hapa Masumbwe. Kisha nikawa nakwenda kusimama dukani, najifanya nimefuata kiberiti. Mtu anaingia: "Nipe Minza." Moyo unaruka. "Minza ipo?" "Ipo." Nilirudi nyumbani na viberiti vya kuchoma wilaya nzima. Wiki hiyo nilikula, nikalala, hata nikanyoa ndevu.

Ikaja siku ya mnada, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nikiwa natoka upande wa ng'ombe nikaona kitu cha kijani kwenye tope. Minza. Mtu alikuwa amemaliza unga akatupa pakiti, na wengine walikuwa wanapita juu yake, mabuti, kandambili, kwato. Mbele kidogo nyingine, mbuzi anailamba. Dereva wa bodaboda alikuwa amekunja ya kwake anafutia mnyororo wa pikipiki. Nikamwambia, "Samahani, naomba hiyo."

"Mzee, hii imeshachafuka."

"Ndiyo maana naiomba."

Nilizunguka mnada mzima nimeinama, suruali yangu ya kanisani ina tope hadi magotini, nikaokota zote nilizoziona. Watu walidhani nimeangusha kitu cha thamani, wakanisaidia kutafuta bila kujua wanatafuta nini. Hakuna aliyekosea pale. Pakiti ikishaisha ni ya kutupwa. Aliyekosea ni mimi, niliyechukua jina la mke wangu nikaliweka juu ya kitu cha kutupwa.

Kabula alifika siku ya pili kutoka Kahama bila kupiga simu, akanikuta uani na beseni la sabuni. Zile nilizokwisha kuosha zilikuwa kwenye kamba, nimezibana kwa vibanio vyako.

"Shikamoo baba. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nafua."

Akasoma moja, akasoma ya pili, akakaa chini palepale kwenye majimaji. Alilia, kisha akacheka, kisha akaniuliza jambo ambalo wewe ungeliuliza siku ya kwanza. "Baba, wewe mwenyewe hujawahi kumwita mama kwa jina. Kwa nini watu wa dukani waanze?"

Nikasema ndiyo sababu yenyewe.

"Basi mwite wewe. Nipo mimi tu."

Nikafungua mdomo. Nilijaribu, nakuapia. Miaka yote ile ya adabu ilikuwa imejaa kooni, ikakataa kupisha. Kabula akanishika mkono wenye povu, akasema unga uitwe Mlonge wa Masumbwe, yaishe. Nikamwambia hilo si jina, hicho ni kibao cha barabarani. Akasema, "Na kikikanyagwa, baba?" Nikarudi kwenye beseni. Amesharudi Kahama, na mimi nimebaki na majina mawili mezani na siku mbili za kuchagua. Likitoka lako kwenye pakiti, sijui nitalisikia wapi. Likibaki, kila mnada nitakuwa nimeinama.

Barua niliiacha hapo. Leo ni Jumatatu, nimetoka mjini, naimalizia.

Siku hizi huendi kwa msajili. Unakwenda stationari na dada anakujazia kwenye kompyuta. Nilifika mlangoni sijaamua. Akaniuliza jina la biashara, nikaona yale matope mbele ya macho, nikasema Mlonge wa Masumbwe. Nilijua nitaumia, lakini sikuumia sana. Jina hilo hata wakiwashia moto wa jikoni hakuna atakayeungua. Akaandika. Nikashusha pumzi, nikajua gumu limekwisha, nikaanza hata kufikiria nipitie sokoni ninunue mbegu za maboga.

Kisha akauliza, macho bado kwenye kompyuta, "Mmiliki ni mmoja au mko wawili?"

"Wawili," nikasema. Lilitoka lenyewe.

"Nipe na kitambulisho cha mwenzako."

Nikatoa chako. Kimekaa kwenye mfuko wa shati langu tangu Mwanza, nahamisha tu kutoka shati hadi shati. Akaanza kunakili huku akisoma kwa sauti, Minza, kisha jina la baba yako, kisha la babu yako. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza yake. Alikutamka vizuri, Mama Kabula, taratibu, herufi zote, na hakukujua hata kidogo. Alipomaliza akasema, "Haya, mama aingie, kuna maswali ya kitambulisho anatakiwa ajibu mwenyewe. Yuko nje?"

Nikageuka nikatazama nje. Sijui kwa nini nilitazama.

Niliporudisha uso, dada alikuwa ameacha kuandika. "Pole, baba," akasema. Akabonyeza kitufe, akakishikilia, nami nikaona jina lako likirudi nyuma herufi moja moja, babu yako, baba yako, halafu wewe, mpaka nafasi ile ikabaki nyeupe.

"Kwa hiyo niandike mtu mmoja?"

Nikamwambia, "Andika."

Nakuaga hapa, mke wangu.

Mumeo bado,
Baba Kabula