Picha ya Baba, Mkeo na Mimi

Studio ya Picha,
Mlango wa tatu baada ya duka la viatu.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Salamu nyingi kutoka kwangu, zikukute mzima na umeshiba. Hali yako? Kifua na hiyo baridi ya huko vipi, bado kinakusumbua, au umeanza kuvaa lile sweta nililokufumia? Kama hujalivaa, usiniambie. Sisi hapa wazima. Mgongo wangu ni uleule wa kukaa mbele ya kompyuta, na mama anaendelea vizuri, tena vizuri kuliko unavyodhani. Habari ya jicho lake nitaifikia, usiruke mistari.

Kwanza nikwambie kwa nini nimeshika kalamu badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ningelia, au ningefoka, na vyote viwili havimpendezi mtu wa umri wangu. Namwonea wivu mkeo. Haya, nimeshasema. Pengine amekusimulia yaliyotokea wiki hizi. Kama hajakusimulia, nitamwonea wivu zaidi, maana itakuwa kweli kwamba ana roho nzuri kuliko yangu.

Nani alikufundisha kushika kamera, Kijiko? Nani alikupandisha juu ya kigoda kwenye chumba cha giza ili ufikie beseni la dawa? Baba alikuwa anahangaika na wateja, mimi ndiye niliyekuonyesha. Ukaenda huko, ukajifunza mambo ya kompyuta, na siku ulipoanza kufundisha mtu ukamfundisha nani? Karani wa shule, ambaye hajawahi kunusa dawa ya kusafishia picha tangu azaliwe. Ni mkeo, najua. Lakini mimi nilianza kuwa dada yako kabla yeye hajakujua.

Mambo yalianza na vitambulisho vya wanafunzi. Miaka yote shule ilikuwa inaniletea mimi. Mwaka huu nikangoja, kimya. Nikaenda kumsalimia mkeo, nikamkuta sebuleni kompyuta iko mapajani, nyuso za watoto zimejipanga kwenye kioo, anazikata na kuzipunguza moja moja huku anapiga soga na mimi.

"Wifi, hii programu ni ya bure," akaniambia. "Mume wangu kanifundisha kwa simu. Nije nikuwekee na wewe?"

Nikamjibu kwamba mimi programu ninazo. Sikuwa nayo hata moja! Kompyuta yangu ilikuwa imekufa wiki mbili nyuma, na programu yangu ya siku zote ikafa nayo. Fundi alikuwa ameniuzia nyingine, ndani kweupe, hakuna kitu isipokuwa mafaili niliyookoa kwenye diski ya pembeni na herufi zangu za mapambo za kadi za harusi, ambazo nazo ni mamia kwa mamia. Nilirudi studio mbiombio, hata mwavuli nikausahau kwake.

Wiki hiyohiyo mama akaniita. Daktari wa macho alikuwa amempa tarehe ya kuondolewa mtoto wa jicho. Akasema anataka picha ya marehemu baba ikuzwe, iwe kubwa kama dirisha, itundikwe mbele ya kitanda chake. "Nikifunguliwa jicho nataka nianze na yeye," akasema. "Miaka minne sijauona uso wake vizuri, hata kwenye picha."

Unaijua picha yenyewe. Amesimama mlangoni pa studio, kamera shingoni, anacheka. Mtu aliyewapiga picha watu wote wa mtaa huu, yeye mwenyewe alibakiza moja tu ya maana, na aliyeipiga ni mimi, nikiwa na miaka kumi na miwili. Ile ya karatasi uliondoka nayo wewe. Mimi nilibaki na nakala niliyoiskani kabla hujasafiri. Kwa hiyo nikajiapiza kwamba kazi hii haitaguswa na mkono wa mtu mwingine, na wifi yangu ataiona ikiwa ukutani imekwisha.

Programu nikaitafuta mwenyewe. Mara ya kwanza nilibonyeza kitufe kikubwa cha kijani, kumbe ni tangazo, nikaletewa kitu kilichojaza kioo changu matangazo ya dawa za kupunguza kitambi. Nikakiondoa. Mara ya pili nikapata yenyewe. Ikapakuliwa, ikasakinishwa, nikaifungua. Ikatokea picha ya kukaribisha, na chini yake maandishi madogo kwamba inatafuta herufi. Ikatafuta, ikatafuta. Nikasema imekwama, nikaifunga. Nikaiondoa, nikaisakinisha upya. Inatafuta herufi. Nikazima kompyuta, nikawasha. Inatafuta herufi. Siku tano, Kijiko! Namba ya mkeo ilikuwa pale kwenye simu, na kila nilipoitazama nilisikia "Mume wangu kanifundisha," nikaiweka simu kifudifudi.

Siku ya sita akaingia mama mmoja na mapacha wake, wanataka picha za pasipoti. Huyu akinyamaza, yule analia. Nikahangaika nao karibu saa nzima, nikaisahau kompyuta ikiwa inatafuta herufi zake. Niliporudi mezani, programu imefunguka, imetulia, inaningoja. Nikapiga makofi peke yangu. Nikajiona fundi. Sikujua kwamba nilichofanya ni kuiacha tu.

Sasa sikia balaa. Nikataka kwanza nijifunze kupunguza picha, kama nilivyomwona mkeo akifanya, ili shule mwakani wakija wanikute nimeiva. Nikachukua faili lililokuwa karibu. Lilikuwa la baba. Nikalipunguza mpaka likawa dogo la kitambulisho, nikafurahi, nikalihifadhi kwa jina lilelile. Programu ikaniuliza kama nataka hili jipya likae mahali pa lile la zamani. Mtu mwenye furaha hasomi, nikabonyeza ndiyo. Na kwa vile kompyuta ile ilishakufa, na diski ya pembeni ndiyo niliyokuwa nafanyia kazi moja kwa moja, ile picha kubwa ya baba haikubaki popote.

Sikujua hata hapo. Nikaanza kumkuza. Kati ya upana na urefu kuna kialama cha mnyororo. Ukiwa umefungwa, vipimo vinakwenda pamoja, ukiwa umekatika kila kimoja kinakwenda kivyake. Mimi nilikuwa nimeukata bila kujua. Baba akatoka mnene, mashavu yamefika mabegani, amekuwa kama yule mjomba wetu mwenye bucha. Nikaandika vipimo upya kwa kukisia, akapungua kidogo. Lakini uso ulikuwa miraba miraba, kama sakafu ya vigae. Nikajiambia kwamba kwa mbali haitaonekana. Nikaichapisha, nikaitia fremu, nikaenda kuitundika.

Mama aliisogelea, akapitisha kiganja juu ya kioo, akasema, "Namwona. Ahsante mwanangu, umemrudisha." Akaniombea dua ndefu. Alikuwa anaona kivuli tu, maskini, na mimi nikaitikia amina kwa sauti.

Kesho yake mkeo akaja kumletea mama uji. Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akaanza kukoroga uji ambao ulishakorogwa. Bora angenicheka! Kumcheka mtu ni kumhesabu kuwa mwenzako. Yeye alinionea huruma, na huruma ya wifi inawasha kuliko upupu. Siku tatu sikupokea simu yake.

Siku zikabaki nne mama apasuliwe. Ndipo akili ikanirudi. Mama angefunguliwa jicho, angetazama ukutani, na angekuta vigae. Dua zote zile alizoniombea, halafu vigae. Nikampelekea fundi wa kompyuta diski yangu, akaihangaikia asubuhi nzima, akaniambia faili likishakaliwa na jingine hakuna wa kulifufua. Nikataka nikupigie wewe, ile ya karatasi unayo. Nikasita, kwa sababu ungemwambia mkeo. Halafu nikajicheka, maana mkeo alishaiona kwa macho yake.

Nikapiga moyo konde, nikaenda kwake. Nilisingizia mwavuli. Aliniletea mwavuli wangu, akakaa, akangoja. Nikamwambia, "Wifi, nimemharibu baba."

"Nilikuwa nangoja useme," akanijibu. "Ningesema mimi ungenimeza."

Akafungua kompyuta yake. Faili la baba alikuwa nalo, kubwa, safi, hata kifungo kilicholegea kwenye shati kinaonekana. Nikamwuliza kalitoa wapi. Akasema ulilitengeneza huko kwa mashine nzuri, ukamtumia siku nyingi amtunzie. Amtunzie! Hapo moyo ulinichoma kwelikweli, na hapo ndipo nina neno na wewe. Picha niliyoipiga mimi, ya baba yangu, unampa mtu mwingine aitunze, na mimi hata kuambiwa siambiwi? Nilikaa kwenye kochi lake nikasikia niko mgeni katika ukoo wetu.

Sikumwambia hayo. Alibeba kompyuta yake tukaja studio. Alipoona yangu bado inasumbuka na herufi, akauliza, "Wifi, una herufi ngapi humu?" Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika ukuta, na ajabu, kucheka kule hakukuniuma. Kumbe programu kila ikiamka inazikagua zote, na zangu ni za kukagua mpaka jioni. Tukazihamisha zile nisizozitumia. Ikafunguka kabla sijamaliza kuvuta kiti.

Akaninyang'anya nafasi? Hapana. Alinikalisha mimi, kipanya mkononi mwangu, yeye amesimama nyuma. Nakala kwanza, akaniambia, kila mara fanya nakala, uiharibu nakala. Funga mnyororo. Andika upana tu, urefu utajileta wenyewe. Alifundisha kwa maneno yako, Kijiko, nilikusikia ndani ya kinywa chake, hata ile "polepole, haikimbii" ambayo mimi ndiye niliyekuwa nakwambia kwenye chumba cha giza. Kwa hiyo mambo yangu yamenirudia yakiwa yamepitia kwa watu wawili. Tukaichapisha, nikaenda kuibadilisha mama akiwa amelala mchana.

Alhamisi akapasuliwa, Ijumaa muuguzi akamfungua bandeji. Alipomaliza kumpima kwa kumhesabisha vidole, mama akalifumba jicho, akalifunika kwa kitambaa, akagoma kabisa kutazama kitu. Tukamwongoza mpaka nyumbani, mimi mkono huu, mkeo mkono ule. Tukamkalisha kitandani. Akaondoa kitambaa.

Alimtazama baba muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Alikuwa kijana hivi? Mimi nilikuwa nimeshamzeesha." Akajifuta.

Halafu akauliza, "Nani kaitengeneza?"

Mkeo akawahi. "Ni wifi," akasema. Alikuwa ananigawia, kama mtu anavyomgawia mtoto aliyenuna. Ningeweza kunyamaza, na sitakudanganya, nilitamani. Kisha nikasema, "Si mimi, mama. Yangu ilikuwa mbovu, nimeiondoa ulipolala. Hii ni ya mkweo, mimi nimeshika kipanya tu." Maneno yale yalitoka kama jino.

Mama akamshika mkeo mkono, akambariki. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha, sina changu tena hapa. Ndipo mama akageuka kunitazama mimi. Akaniita nisogee. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha huku na huku, akasema, "Mwanangu, una mvi. Zimeota lini hizi, na mimi nipo hapahapa?" Akazigusa moja moja. Akanitazama muda mrefu kuliko alivyomtazama baba. Mkeo hakutazamwa hivyo, Kijiko. Nilikuwepo, nilihakikisha.

Basi, ndiyo habari. Jicho la pili ni mwezi ujao, usikose kumpigia mama siku ile. Mjomba mwenye bucha anakusalimu, ile picha ya kwanza ameichukua yeye, anasema inafanana naye. Mapacha wa shangazi nao wanakusalimu. Mkeo nitamsalimia mwenyewe, tunaonana kila siku sasa, tunagawana vitambulisho vya shule, yeye anakata mimi nachapisha. Bado namwonea wivu, lakini ninamwonea tukiwa tumekaa meza moja.

Nitumie lile faili la baba na mimi. Kwangu moja kwa moja, usilipitishe kwa mtu. Mungu akukinge na baridi hiyo na akurudishe kwetu ukiwa na afya na akili zako zote.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda kabla yao wote.