Alama ya Rangi ya Kucha

Jumatatu, 2 Juni

Mashine nne kabla ya saa sita. Tatu zina ugonjwa uleule, vumbi la chai. Mtu anafanya kazi kiwandani, anaacha laptopu wazi karibu na mitambo ya kukaushia, halafu ananiuliza kwa nini feni inapiga kelele. Nimetoa majani ya kutosha birika moja.

Ya nne ni ya karani wa kiwanda. Ilinyeshewa. Badala ya kuniletea, akailaza kwenye kitanda cha kunyaushia majani, hewa ya moto ipite chini hadi asubuhi. Imekauka, kweli. Kibodi nayo imejikunja. Nilimuuliza kama anataka nimfungie kwenye pakiti za nusu kilo. Hakucheka.

Alasiri Kirui akaleta yake. Huyu anachora ramani za nyumba. Mashine hiyo nilimchagulia mimi. Yeye alitaka nyembamba ya kujionyesha mkahawani, nikamkatalia. Nyembamba na kadi kubwa ya grafiki ni sufuria bila mpini. Sasa hata hii nene inafika digrii tisini na saba akifungua mchoro mzito. Nitabadilisha pesti ya kupitisha joto, nisafishe feni, kisha nipunguze volti za prosesa kidogo kidogo nione itatulia wapi. Kazi ya siku mbili. Kazi ninayoipenda.

Nimefungua mfuniko wa chini. 41 yangu iko palepale. Kila mteja nina nambari yake, naiandika ndani ya mfuniko kwa rangi nyekundu ya kucha. Mafundi wengine wana daftari. Daftari hupotea. Rangi ya kucha haidanganyi.

Jioni Arap Koech, mlinzi wetu, akaja na rungu na redio yake. Nilimpa chai. Anapenda sukari nyingi, mzee huyu.

Jumatano, 4 Juni

Wamevunja duka. Kufuli imekatwa. Mashine tano hazipo, ya Kirui ikiwemo. Ile ya karani iliyojikunja wameiacha.

Arap Koech tulimkuta mlangoni, amekalia damu yake. Walimkata kwa panga. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vinaning'inia kwa ngozi. Kichwani kuna mfereji. Aliinua mkono kujikinga, ndiyo maana. Redio ilikuwa bado inaongea.

Nilimfunga kwa kitambaa cha kupangusia skrini. Sikulia. Nilipiga ukuta teke hadi kidole cha mguu kikafa ganzi.

Alhamisi, 5 Juni

Vidole viwili vimekatwa hospitalini. Kimoja kimeshonwa.

Kirui hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema ramani ya kanisa nzima ilikuwa mle ndani.

Polisi waliandika, wakaondoka. Nawaza jambo moja tu tangu asubuhi. Nikimpata huyo mtu, simpeleki popote. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Siku ya soko. Saa tano akaingia kijana, labda miaka ishirini na sita, shati safi, begi mgongoni. Anaitwa Weldon, ametoka Mulot, anahariri video za arusi. Laptopu yake inazima ikipata moto. Ameambiwa na watu kwamba Chelangat wa Litein, yaani mimi, ndiye fundi wa mashine kubwa. Akaitoa. Muundo uleule wa Kirui, rangi ileile. Mashine kama hizo ni nyingi, nikajiambia.

Skrubu kumi. Nikainua mfuniko.

41. Nyekundu. Mwandiko wangu, nne yangu yenye mkia.

Sikuangalia kingine chochote. Nilimuuliza ameitoa wapi. Akasema, "Nilinunua huko Soin, Madam. Risiti iko kwa simu." Akaanza kutafuta simu mfukoni. Mimi niliona anatafuta njia ya kutoka.

Chaja ya mashine hizi ni nzito kama tofali. Nilijifunga waya kiganjani ukanibana, nikaizungusha, nikampiga usoni. Nilisikia mfupa. Halafu nikatoka mlangoni nikapiga kelele mara moja tu.

Mwizi.

Mara moja ilitosha. Watu wa bodaboda wakafika kwanza. Kisha wauza viazi, wauza mitumba, wanaume waliokuwa wakingoja lori la majani. Walimburuta hadi barabarani. Ubao wa kibanda. Mawe. Mama mmoja alivua kiatu. Yeye alikuwa anasema maneno yaleyale, "Ni yangu, ni yangu," hadi mdomo ukashindwa. Mtu akaitisha petroli. Mwingine alikuwa tayari na tairi.

Nilisimama pale. Nilipiga tena, kwa mguu. Nilisema hiyo ni ya Arap Koech. Nilijisikia vizuri, hiyo ndiyo kweli.

Land Rover ya polisi ikaja kabla ya petroli. Wakamtupa nyuma kama gunia. Laptopu yake ilibaki mezani kwangu. Hakuna aliyeiulizia.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani walinipongeza. Mama mmoja wa kwaya alinishika mkono huu uliovimba akasema siku za mwizi ni arobaini. Nilicheka. Nilikula vizuri.

Jumatatu, 9 Juni

Nilienda kumwona Arap Koech na chupa ya chai. Kitanda cha pili kutoka kwake wamemlaza Weldon, mguu umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Kichwa chote bandeji. Mama yake ameketi sakafuni, anamlisha uji kwa kijiko kidogo. Hakujua mimi ni nani. Alinisalimia.

Arap Koech alinivuta karibu. Akasema, "Huyu mtoto si yeye. Yule nilimpiga rungu kwa goti, akaenda akichechemea. Nimeuliza nesi. Magoti ya huyu ni mazima."

Nilimwambia alama yangu iko ndani ya mashine. Akasema, "Mimi sijui mambo ya mashine. Najua goti."

Nilirudi dukani nikiwa na hasira naye. Nikafunga mlango. Nikafungua ile laptopu tena, polepole safari hii, kama ninavyofungua za watu wengine.

Bodi si ya Kirui. Kadi ya grafiki ni ndogo. Betri ni ya aina nyingine, imeegemezwa kwa karatasi. Ni mashine iliyounganishwa kutoka vipande vya mashine tatu. Kwenye kona ya mfuniko kuna ufa, na juu ya ufa kuna gundi. Gundi yangu. Naijua, mimi huisambaza kwa kijiti cha meno.

Nikakumbuka yote kwa mpigo.

Mwaka jana Kirui alianguka na pikipiki, mfuniko ukapasuka. Niliubana kwa gundi, haukushika. Nikamwekea mwingine, nikauandika 41 pia. Ule wa zamani nikautupa kwenye katoni la vipuri. Januari nikauza katoni zima kwa jamaa wa Soin anayeunganisha mashine. Asetoni ya kufutia rangi ilikuwa hapo mezani. Sikufuta nambari. Nilikuwa na haraka ya nini? Sikumbuki.

Alisema Soin. Alisema tangu mwanzo.



Jumanne, 10 Juni

Jicho la kulia limetoka. Nesi aliniambia bila kuuliza mimi ni nani wake. Taya imevunjika pande mbili.

Jicho ni langu. Mawe yalikuja baadaye, ya mgongo na mbavu. Usoni nilimpiga mimi.

Polisi wamepiga simu. Kesho niende kuandikisha taarifa na nibebe ile mashine, watamfungulia mashtaka ya wizi na ya kumkata mlinzi. Nikinyamaza, alama itanisemea. Nani anajua gundi ni yangu? Nani anajua mambo ya katoni? Kirui mwenyewe amesahau ule mfuniko.

Nimekaa na mashine mbele yangu kutwa. Sikuhudumia mtu. Naogopa jela. Naogopa watu wa soko kuliko jela. Namwogopa yule mama kuliko wote, kwa sababu alinisalimia.

Jumatano, 11 Juni

Nilisema.

Afisa aliacha kuandika. "Madam, unaelewa unajipeleka ndani?" Nikasema naelewa. Nikamwonyesha ufa, gundi, bodi. Nikamwambia kuhusu chaja. Hakuniuliza kuhusu chaja, nilimwambia mwenyewe. Akanitaka nitaje wengine waliopiga. Nilitaja wawili niliowaona vizuri, na yule wa petroli.

Alasiri pingu ikafunguliwa mguuni mwa Weldon. Mimi nikafungiwa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimetoka kwa bondi. Kirui alinidhamini. Polisi walipiga picha mashine ya Weldon, wakanirudishia niihifadhi. Kwangu mlangoni akasema, "Ungepiga simu tu, Chela. Ningekuja na sanduku la laptopu, serial nambari iko juu yake, tulinganishe."

Dakika tano za simu.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya soko tena. Walikuja saa nne. Watu walewale. Wawili wamekamatwa, wenzao wamekuja kuuliza.

Jiwe la kwanza lilipita kwenye kioo cha mbele likaua skrini ya karani wa kiwanda. Maskini, ilikuwa imeanza kupona. Kisha meza. Walivunja mashine mbili kwa rungu, kadi za ramu na vibonye vya kibodi vikatapakaa hadi mtaroni. Mmoja alikuwa analia akinipiga. "Wewe ndio ulituambia ni mwizi! Wewe! Sasa ndugu yangu yuko ndani!" Alikuwa na ubao. Ulinipata begani, kisha mgongoni, kisha kisogoni. Misumari ilikuwa bado kwenye ubao.

Nilifunika kichwa. Sikuinua mkono mwingine. Kitu kimoja kilinishangaza, jinsi mtu anavyorudia neno moja akipigwa. Mimi nilikuwa nasema pole. Pole, pole, kama mjinga. Hawakusikia, kama sisi tulivyokuwa hatusikii.

Kirui na mwenye duka la dawa la jirani walinivuta ndani wakateremsha chuma cha mlango. Tulikaa sakafuni kwenye vioo. Mashine ya Weldon ilikuwa nyumbani, chini ya kitanda. Nashukuru kwa hilo tu.

Nyuzi kumi na moja kisogoni.

Jumamosi, 21 Juni

Mashine ya Kirui imepatikana Fort Ternan, ndani ya gunia la mahindi. Mwenye gunia anachechemea.

Polisi waliniita niitambue, nibebe na ile ya Weldon. Nikafungua mbele yao. 41. Mfuniko mzima, hauna ufa. Waliweka mifuniko yote miwili mezani, wakaipiga picha. Nne zote mbili zina mkia.

Arap Koech ametoka hospitali. Anajifunza kushika kikombe kwa vidole viwili na gumba. Nilimtilia sukari mwenyewe. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba rungu lake limepotea na analitaka.

Alhamisi, 26 Juni

Nimekuwa nikiitengeneza ile ya Weldon, saa moja moja. Si kazi ya kuharakisha. Aliyeiunganisha Soin alipaka pesti kama siagi kwenye mkate, na bomba la joto halikugusa prosesa vizuri. Nimelinyoosha. Nimeweka feni mpya, nimepunguza volti, nimeondoa karatasi chini ya betri. Nimeipa video ndefu ikokotoe mchana mzima. Ilikuwa inazima kwa digrii mia. Sasa haipiti sabini na nne.

Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Sina furaha nayo.

Alhamisi, 3 Julai

Mvua ndogo tangu alfajiri. Walikuja saa nne, yeye na mama yake. Kitambaa cheupe kwenye jicho. Taya bado ina waya, anaongea kwa meno yaliyofungwa.

Niliwapa viti. Nilimimina chai. Kesi yangu iko palepale, itasikizwa mwezi ujao. Sikumwomba aiondoe na hakusema ataiondoa.

Nikawasha mashine, nikamwonyesha joto. Aliangalia zile digrii. Kisha akaizima na kuigeuza. "Fungua," akasema. "Nataka kuona hiyo kitu."

Skrubu kumi. Nikainua mfuniko. Mama yake alisimama, akainama juu ya meza. Aliangalia ile 41 kama mtu anayeangalia mdudu aliyemuuma mwanawe. 

Nilichukua pamba na asetoni. Weldon akaninyang'anya, si kwa nguvu. Akafuta mwenyewe. Ilichukua muda, niliipaka ishike. Ilibaki alama ya waridi tu kwenye plastiki.

Kisha akanyoosha mkono kwenye kichupa cha rangi.

Alitaka kuandika jina lake. Akasema fundi yeyote akifungua tena, alione kwanza. Alichovya brashi, akaishusha. Haikufika. Ilisimama hewani, upana wa kidole juu ya plastiki, na mkono wake ukavuta herufi ya kwanza bila kugusa kitu. Akajaribu tena. Hewani tena. Nilitaka kumshika mkono. Sikuwa na haki hiyo. Mama yake ndiye aliyeweka kidole juu ya mfuniko, ili apime umbali kwa kidole cha mama.

Weldon, Mulot. Herufi zimepinda, D imepanda juu ya L.

Tulingoja ikauke.  Mvua kwenye mabati, basi.

Nilifunga skrubu zote kumi. Alizihesabu. Akaweka mashine begini, mama yake akamshika upande wa kulia, upande asioona, wakatoka.

Chai ya mama ilikuwa bado mezani, imeshika utando. Hakuigusa. Niliimwaga, nikaosha kikombe.