Mahali Alipokuwa Komeo Siku ya Fainali

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu zikiwa bado na joto, kama karatasi inavyotoka mashineni. Goti lako la kulia linasemaje siku hizi? Na shemeji, bado anaficha chumvi kabatini akidhani muuguzi wa miaka yote hiyo hawezi kumbaini? Sisi huku hatujambo. Mke wangu anadai nimenenepa, mimi nashikilia kwamba mashati ndiyo yamepungua, na kesi bado inaendelea. Duka la uchapaji nalo linasukuma siku: kadi, vyeti, vitabu vya risiti. Mashine ya kukatia karatasi imeanza kukohoa kama mwenye duka.

Habari kubwa ni kwamba mdogo wako amekuwa mwandishi wa kamusi. Cheka kwanza, nakusubiri. Haya, tuendelee.

Ilianza pale mwalimu mmoja wa michezo alipokuja kuchapisha vyeti vya mashindano. Alitaka nyuma ya cheti pawe na majina ya wachezaji wa zamani, akafungua kwenye kompyuta yangu ile kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo huandikwa na watu wasiolipwa na ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Akateremka na majina, mara nikamwona Kaka. Ndiyo, Kaka yetu. Ukurasa wake ulikuwa na mistari minne. Ulisema alikuwa beki wa kushoto, akiitwa Komeo kwa jinsi alivyofunga njia; kwamba alicheza misimu tisa; kwamba siku ya fainali ya kombe alitoweka, timu yake ikafungwa; na kwamba inasemekana alikula hongo, wala hakucheza tena.

Najua hupendi nimtaje kwenye barua. Miaka ishirini na minne sasa hujatamka jina lake, na sikulaumu. Ni wewe uliyekuwa wodini wagonjwa wakiuliza kwa sauti kama dada wa aliyeuza mechi anaweza kuaminiwa kushika sindano. Hata kadi za harusi ya binti yako nilizichapa mimi kwa mkono wangu, na katika orodha uliyonipa Kaka hakuwamo. Nilizikata, nikazifunga kwa utepe, nikanyamaza. Lakini nakuomba leo univumilie hadi mwisho wa karatasi hizi.

Basi mwalimu alipoondoka nilijiandikisha, nikaanza kuhariri saa ya chakula cha mchana. Niliandika kwamba Komeo alikuwa simba wa nyasi, ukuta wa chuma, beki ambaye mawinga walimwota wakaamka wanalia. Nikajisifu moyoni. Kabla sijamaliza chai, maneno yote yalikuwa yamefutwa na mtu anayejiita Kifutio. Nikayarudisha. Akayafuta. Nikamwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano kumuuliza ana ugomvi gani na ndugu yangu. Akajibu kwa adabu iliyoniuma zaidi ya tusi kwamba hana ugomvi na mtu, ila kila sentensi iwe na chanzo kilichochapishwa, na kwamba ndugu hashauriwi kumwandika ndugu yake. Nikamwambia chanzo ni mimi mwenyewe, niliyelala naye kitanda kimoja miaka mingi. Akaniambia kitanda si chanzo.

Dada, nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilimwomba anifundishe.

Makubaliano yetu yakawa hivi: mimi nitafute ushahidi na kuuweka kwenye majadiliano, yeye aukague na kuuandika. Jumamosi zangu zikahamia maktaba kuu, chumba cha magazeti ya zamani, mahali ambapo unanawa mikono kabla ya kugusa kitu na mtunzaji anakutazama kama umekuja kuiba. Nilifunua kurasa za manjano moja moja. Mechi ya kwanza ya Kaka niliipata kwenye kona ya chini ya ukurasa, mstari mmoja mwembamba kuliko uzi. Kisha ya pili. Kisha ya arobaini. Mechi mia mbili na kumi na moja, Dada! Na sisi nyumbani tulidhani ni kama sabini hivi, maana Kaka hakuwa mtu wa kusimulia.

Na hapo ndipo nilipoanza kushika mdomo kwa mshangao. Gazeti moja lilikuwa limechanika mahali penye mechi muhimu, nikaona basi. Kifutio hakuona basi. Alimwandikia mhariri mwingine katika mji ambao sitawahi kuufikia, na huyo, asiyemjua Kaka wala mimi, akaenda kwenye maktaba ya kwao, akapanga foleni, akapata nakala nzima, akatuletea dakika ambayo Kaka aliokoa mpira kwenye mstari wa goli. Mwingine akaja akanyoosha jedwali la misimu, akaondoka bila kungoja ahsante. Watu hawa hawalipwi, Dada. Wanaketi kila mmoja kwenye chumba chake duniani, wanabishana wiki nzima kama ilikuwa dakika ya sitini na tatu au sitini na nne, kwa sababu tu ilikuwa moja na haikuwa nyingine. Mimi nimechapa uongo mwingi maishani, wa matangazo ya dawa za mvi na mengineyo, na sikuwahi kumwona mtu akiitumikia kweli hivyo.

Mwishowe Kifutio akaifikia sentensi ya hongo. Alifuatilia chanzo chake hadi kwenye safu moja ya udaku iliyosema "inasemekana", basi, hakuna zaidi. Akaandika kwamba "inasemekana" si mtu, hana anwani, wala hawezi kuulizwa swali. Akaifuta. Nilisimama pale dukani nikapiga makofi peke yangu, mteja akadhani nimepagawa. Lakini maneno kwamba alitoweka yalibaki, kwa kuwa ni kweli hakuonekana uwanjani. Na chini yake Kifutio akaniuliza swali moja: je, kuna yeyote anayejua Komeo alikuwa wapi saa ile? Kama yupo, aseme mahali ambapo watu wataweza kusoma.

Siku kumi na moja sikumjibu. Si kwa kutojua, Dada. Nilijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa naye.

Alikuwa kituo cha polisi. Alikuja kunitoa mimi.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uchapaji, nimevimba kichwa kwa ufundi wangu. Wiki ya fainali nilibaki karakana na kuchapa tiketi bandia, nikaziuza langoni asubuhi ile. Nilikamatwa kwa upumbavu wangu mwenyewe: tiketi halali zilikatwa ovyoovyo, zangu zilinyooka kama rula. Mlinzi wa lango alisema hajawahi kuona tiketi nzuri hivyo, akaniitia polisi. Nikaomba nimpigie Kaka. Akaja na traksuti ya timu, begi la njumu begani, zikiwa zimebaki saa mbili. Askari wa kike wa kaunta akamwambia mwenye mamlaka ya kuniachia ni mkuu wa kituo peke yake, na mkuu amekwenda kutazama mechi.

Angeweza kuondoka. Nilimwambia aondoke. Alikaa kwenye benchi, akaweka begi katikati ya miguu, kwa kuwa alisikia gari la kwenda gereza la wilaya lilikuwa linakuja jioni, na kama pasingekuwa na mtu wa kunisemea ningepakiwa. Redio ya kaunta ilikuwa imefunguliwa. Tulisikiliza mechi yote, Dada, mimi nyuma ya nondo na yeye kwenye benchi. Tukamsikia mtangazaji akiuliza yuko wapi Komeo. Mabao yote mawili yalipita upande wa kushoto. Kila bao lilipoingia, aliangalia mikono yake tu.

Mkuu aliporudi, aliniachia kwa kumwonea Kaka huruma, akazichoma tiketi. Nje, nilimwambia Kaka kwamba nitakwenda kwa viongozi wa timu niwaambie ukweli. Akanikataza. Akasema chuo kitanifukuza, na wewe uliahirisha masomo yako miaka mitatu ili unilee baada ya Mama kufariki. Ukijua nimefanya nini, utavunjika. Akasema ukimkasirikia yeye, bado utabaki na mimi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga mabeki: tumwachie Dada ndugu mmoja.

Hayo ndiyo maneno yake, na mimi nikayakubali. Nilikuwa na miaka ishirini, halafu nikawa na thelathini, halafu arobaini, na kila mwaka nikakubali tena.

Mwezi uliopita nilimwambia Kaka nataka kusema. Akakataa, akasema mambo yamelala. Safari hii sikumtii. Nimemsimulia mwandishi wa gazeti kila kitu, pamoja na jina langu. Yeye akamtafuta yule askari wa kaunta, ambaye sasa amestaafu, naye akathibitisha. Anasema hajawahi kumsahau mchezaji aliyesikiliza fainali yake mwenyewe redioni. Gazeti linatoka Ijumaa. Kifutio atakuwa na chanzo chake, na sentensi itabadilika. Lakini sikutaka wewe uisome pamoja na watu wengine. Ulistahili kuwa wa kwanza.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Hilo ni deni la ana kwa ana. Ninaomba jambo moja tu. Jumapili nitamleta Kaka kwako. Hajui kwamba nimekuandikia, atafikiri tunakuja kurekebisha paa la jiko. Mvi zimemjaa, na mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Mfungulie. Kama utapenda aingie peke yake, mimi nitabaki nje ya geti, na nitaelewa.

Mpe mkono shemeji, wabusu watoto, na binti yako umwambie mjomba wake mkubwa anaijua tarehe ya harusi yake.

Wako aliyekuficha,
Kitindamimba