Mdomo Kwenye Paji la Uso

Dada yangu,

Sisi tu wazima, na Mama anakula vizuri. Kile kichezeo changu cha mfukoni nimemaliza kukitengeneza: uso wa mpira wenye macho, pua na mdomo wa kuchomoa na kubandika upya, kila mara sura nyingine. Nilimletea Mama kwanza, maana tangu tumzike Baba hajacheka. Akakitazama, akasema, "Kizuri, mwanangu," akakiweka mezani.

Kisha mwenzangu wa kazini, yule mpaka rangi, akapita kutusalimia. Akakichukua, akaubandika mdomo kwenye paji la uso. "Mama, huyu akitaka kula, lazima avue kofia!"

Mama alicheka hadi akashika mbavu. Nami wivu ukanishika. Kichezeo changu, mama yangu, halafu kicheko apewe mtu baki!

Kila siku akawa ananiuliza, "Yule mwenzako anakuja lini?" Nikamwambia amehama. Uongo mtupu, meza zetu kazini zinagusana. Lakini nyumba imenyamaza tena, na kimya hicho kimenishinda. Leo nimemwalika mwenzangu aje Jumapili.

Usinisifu, dada. Nimemwalika huku nimeuma meno.

Mdogo wako