Kucha Ambayo Ritha Hakuifunika

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimeshinda sokoni Ilongero, kwenye kibanda cha kucha cha Ritha. Mwanangu ana mkono! Huko mjini wanajua kupaka. Huyu anajua kuchagua. Mteja akikaa tu anamshika mkono, anabonyeza kucha, anauliza: kazi yako nini? Mkamua ng'ombe anapewa rangi ya jeli, fupi, hata akinuna. Mwenye kucha laini zinazopinda, polijeli ya kuziimarisha. Akriliki, zile kucha ndefu za bandia, ni za bibi harusi na wasioshika mwiko.

Martina wa mgahawani alitaka ndefu kama za kwenye simu. Ritha akamwambia, dada, usonge ugali na hizo? Wateja watakula kucha! Tulicheka mpaka basi.

Mimi ndiye bango lake. Akriliki zangu nyekundu kila mtu anaziulizia. Kesho anazitoa aniwekee mpya. Jumamosi ni send-off ya Jenifa, binti wa kaka yangu. Shangazi ndiye anayemshika mkono kumpeleka mbele ya wakwe. Ukumbi mzima utatazama mkono huu.

Jumatano, 9 Julai

Hakuniwekea.

Ritha alizitoa zile nyekundu, alipofika gumba la kulia akaacha. Kuna mstari mweusi kwenye kucha. Naujua, ulikuwa mwembamba kama uzi. Sasa umepanuka, na weusi umeingia kwenye ngozi.

Nikasema nilijigonga na mchi. Akasema, mama, damu ya kujigonga inasogea kucha ikikua, hii imekaa palepale. Chuoni waliambiwa kucha ya hivi haifunikwi, inapelekwa kwa daktari.

Nikamwambia, weka tu, nitakwenda baada ya sherehe.

— Mteja mwingine ningemkatalia. Nikuwekee wewe kwa kuwa ni mama yangu?

Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki. Alifuta meza, akafunga kibanda kukiwa bado na jua.

Jumamosi, 12 Julai

Ritha amenipaka jeli vidole tisa. Gumba la kulia tupu, kama mgeni.

Jenifa alipendeza! Nilimwongoza taratibu, gumba nimelificha kiganjani mwake. Wifi yangu Yustina ana macho — eti Mama Ritha, fundi aliishiwa rangi? Nikamwambia ndiyo fasheni, hujui wewe. Akaamini! Akasema na yeye atafuata hiyo.

Ritha alikuwa anasikia. Hakucheka. Sahani yake ya pilau ilirudi jikoni kama ilivyokuja.

Jumatatu, 14 Julai

Hospitali, mjini, na Ritha. Daktari kijana, lakini ana adabu, shikamoo kwanza. Akaliangalia gumba kwa taa. Akauliza nani aliona. Nikasema mwanangu, fundi wa kucha, wa kwanza Ilongero nzima! Akamwambia Ritha, umefanya vizuri.

Alhamisi watakata kipande kipelekwe kupimwa. Anasema siyo lazima iwe kansa. Siyo lazima. Lakini neno limeshatoka, na tumerudi nalo kwenye bodaboda.

Alhamisi, 17 Julai

Nipo kwenye benchi la hospitali. Naandika gumba likiwa bado zima.

Nesi kasema kucha zote ziwe tupu, kuna kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima mapigo. Basi Ritha katoa pamba, asetoni na foili kwenye mkoba, akapiga magoti hapa hapa koridoni. Kanifunga vidole kimoja kimoja, kama wali wa safari. Kasubiri. Kafuta. Jeli yake nzuri ile!

Mama mmoja anayengoja kauliza, huyu binti anafanya kazi wapi? Nikasema Ilongero, sokoni, ni mwanangu. Huyo akikuambia kucha yako haifai, mama, usibishane naye.

Ritha kainamisha kichwa.

Sasa kashika gumba lenyewe, naandika kwa kushoto. Halina rangi ya kufuta, ila kashika tu, anabonyeza polepole kama anavyowabonyeza wateja. Jina langu limeitwa. Nimemwambia niachie, mwanangu, wananiita. Wameita tena. Bado kashika.