Kosa la Kutojifuata

Nyuma ya Kiwanda cha Pampu,
Chumba Na. 7,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na ile sauti yako ya kuamsha mtaa mzima, bado ipo? Mimi mwili mzima, ila moyo unafuka moshi. Kaa kitako nikueleze, maana huku wamenichoka.

Nilikutambia kwamba hapa hakuna anayenifikia kwa kufunga pampu. Sikudanganya sana. Afisa ubora, tunayemwita Bwana Mihuri maana hata chai anaweza kuipa namba kabla ya kuinywa, alikuja na kamera akairekodi mikono yangu kazini mwanzo mpaka mwisho. Alisema maelekezo ya karatasi hayasomwi. Kweli tupu, mimi mwenyewe sijawahi kumaliza ukurasa. Video ikapewa namba, toleo, tarehe na sahihi tatu. Sasa inaonyeshwa juu ya kila meza, na ole wako ukutwe na nakala kwenye simu. Nikavimba kichwa hadi kofia ikanibana!

Basi Jumanne mkaguzi wa kutoka nje akasimama mezani kwangu. Akatazama skrini, akanitazama mimi, akarudi kwenye skrini.

"Kijana, mbona hugongi?"

"Nigonge nini, mzee?"

Kumbe kwenye video, nikishafunika pampu, nagonga kifuniko kwa kidole mara mbili, ko-ko, ndipo nakaza nati. Sijui niliacha lini. Nikamwambia, "Mzee, huyo si ni mimi!"

"Huyo ameidhinishwa," akasema huku anaandika. "Wewe bado."

Shangazi, tangu lini mtu akapewa onyo la maandishi kwa kutojifuata? Wenzangu kumi na wanne wanagonga chumba kizima kama wageni wenye njaa, halafu mimi mwenye mkono ndiye mkosaji! Na mwezi ujao nilikuwa nianze kuwafundisha wapya. Onyo lisipofutwa, nafasi anapewa Konokono, ambaye nati moja humchukua asubuhi nzima. Lakini anagonga vizuri, eti!

Nilimwomba Bwana Mihuri aikate sehemu ile. Akanipa fomu: hatua haiondolewi mpaka ijulikane iliwekwa kwa nini. Siku tatu nimetafuna kalamu. Jana nikakumbuka. Ni wewe! Kila ulipofunika sufuria uligonga kifuniko mara mbili, nami mtoto nipo miguuni pako nasubiri chakula.

Sasa niambie, Shangazi, tulikuwa tunagonga kwa nini? Fomu inatakiwa mwisho wa mwezi. Kama hukuwa na sababu, buni moja yenye heshima, isizidi mistari miwili.

Msalimie Baba Mdogo na redio zake mbovu, na binamu mwenye kuringa. Mwambie bado nina kazi. Mungu akuongezee siku, akupunguzie ngazi za kupanda.

Akupendaye hata akiwa amenuna,
Mdomo wako, kama ulivyozoea kuniita.

N.B. Sasa hivi nimefunika sufuria ya maji ya chai. Mkono umegonga wenyewe, ko-ko, bila sahihi ya mtu.